Mbele Mwezi Ujae

Wiki nzima mmenitumia ujumbe mkitaka nimwambie Rosette maneno makali. Nimeyapokea yote, hata yale ambayo mama zenu wasingependa kuyasikia. Lakini ngojeni kidogo, maana leo mambo yanaharibika zaidi.

Kwa anayetukuta njiani: Rosette ni mshonaji hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, ana cherehani yake barazani na mtoto mmoja wa miaka minne, Dany. Mume wake, Darius, anavua ndakala, yaani dagaa, kule Kazimia. Wavuvi wa taa hurudi nyumbani mwezi unapokaribia kujaa, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka samaki hawafuati taa. Wanakaa na wake zao siku sita au saba, giza likirudi nao wanarudi ziwani. Nyumba kama ya Rosette haina haja ya kalenda, wanatazama juu tu.

Mwezi uliopita, Darius akiwa ameondoka siku tatu tu, Rosette alikwenda Lubondja kwenye matanga ya shangazi yake. Kurudi akapanda pikipiki ya Patrice, motard anayebeba magunia ya ndakala kati ya Kazimia na Baraka. Mvua ikawakamata, mto ukajaa, wakalala njiani. Yaliyotokea mliyasoma na mkayafurahia, msinidanganye. Kondomu haikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyeiuliza.

Siku kumi hivi baadaye, haja ndogo ikaanza kumchoma kama pilipili. Nguo ya ndani ikawa na uchafu wa rangi ambayo hakuwahi kuiona. Akajipa moyo kwamba ni joto, ni maji, ni sabuni mpya. Siku ya nne akachoka kujidanganya.

Tulimwacha mbele ya meza ya karani, kwenye kituo cha afya cha upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayemjua. Kitabu kiko wazi. Karani amemuuliza jina.

Haya yote ameniambia mwenyewe, ameketi mbele yangu na mikono ameikalia kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Mimi kazi yangu ni kuandika tu.

“Jina, mama?” karani akarudia.

Kichwani Rosette alikuwa amejifunga kitenge cha Marthe. Marthe ni jirani yake, rafiki yake wa kufa na kuzikana, na saa ile ile alikuwa amebaki na Dany nyumbani, akiamini Rosette amekwenda sokoni kutafuta uzi. Labda ni kile kitenge. Labda ni woga mtupu.

“Marthe,” akasema.

“Na jina ya bwana yako?”

“Albert.”

Karani akaandika. Na Albert, ndugu zangu, ni mume halali wa Marthe, tena anavua na Darius kwenye chombo kimoja. Rosette aliuona wino ukikauka, akauacha.

“Namba yako ni makumi tatu na moja. Ingia kwa muganga.”

Muuguzi aliitwa Dorothée, mama mnene asiyependa mizunguko. Alimwangalia, akamtoa damu, akarudi na karatasi.

“Uko na bwana?”

“Ndiyo, muganga.”

“Huu ugonjwa ni wa bwana ao ni wa mwengine?”

Rosette akatazama sakafu.

“Basi ni wa mwengine,” Dorothée akasema bila kukasirika. “Sikuulize jina. Mi niko nauliza ju ya dawa.”

Akamchoma sindano, akampa vidonge.

“Huu wenye kukuchoma, utapona. Lakini bwana asikuguse siku saba. Siku saba, mama, si tano.”

“Na ile ingine?” Rosette hakuweza kuitaja.

“SIDA?” Dorothée aliutaja UKIMWI kama anayetaja chumvi. “Damu yako ya leo haina kitu. Lakini damu ya leo inasema mambo ya zamani. Mambo ya ile siku yenu, pengine bado haijaonekana. Utarudi kiisha miezi tatu.”

“Miezi tatu?”

“Tatu.”

Akafungua droo, akatoa kadi ndogo ya manjano. Ilikuwa na muhuri wa kituo, tarehe, na namba 31. Jina halikuwemo.

“Hii unapatia ule muntu mulilala naye. Akuje nayo hapa, tutamutunza bila kumuuliza mingi. Asipokuja, atakurudishia we ao atapatia mwengine. Umesikia?”

Rosette aliitikia. Angeitikia chochote, mradi atoke mle ndani.

Kesho yake alimkuta Patrice anasafisha pikipiki. Kabla ya kumpa ile kadi aliigeuza, akachukua kalamu anayoandikia vipimo vya wateja, akaandika nyuma kwa herufi kubwa: MBELE MWEZI UJAE. USICHELEWE.

Alitaka Patrice atibiwe kabla mwezi haujajaa, yaani kabla Darius hajakanyaga mchanga wa Baraka, ili jambo lote liwe limezikwa. Hakufikiria zaidi ya hapo. Mke wa mvuvi akikupa siku, atakupa mwezi, hata hajui kwamba anafanya hivyo.

“Ni nini hii?” Patrice akauliza.

“Walisema nipatie ule muntu nililala naye. Uende nayo ku santé. Niko mugonjwa, Patrice. Na we uko nao.”

“Mi? Mi niko muzima kabisa.”

“Haikuchome?”

Patrice akakuna shingo. “Kidogo. Ni ju ya kukaa ku kiti ya moto siku yote.”

“Kiti ya pikipiki njo iko natoa usaha?”

Patrice akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaishika kadi kwa ncha za vidole, akaigeuza kama tiketi ya boti.

“Walisema nini? Hii unapatia ule muntu mulilala naye?”

“Njo vile.”

“Sawa,” akasema, akaitia mfukoni.

Lishikeni hilo “sawa”, maana ndilo lililotufikisha hapa. Rosette alisikia vile alivyotaka kusikia. Akarudi nyumbani akihesabu kwamba la Patrice limekwisha.

Siku ile mwezi ulikuwa nusu.

Kila alasiri ulijitokeza upande wa ziwa, mweupe, juu ya milima ya Ubwari, na kila alasiri ulikuwa mnene kuliko jana. Rosette alikuwa akishona huku akiutazama kwa jicho la pembeni. Alimeza vidonge vyake, akahesabu siku. Ya kwanza. Ya pili. Kuchoma kulipungua, lakini woga haukupungua hata chembe, maana kuchoma sasa kulikuwa kitu kidogo. Kitu kikubwa kilikuwa ile miezi mitatu.

Akajikagua ulimi kwenye kioo. Akajipapasa shingo akitafuta uvimbe. Upele wa mbu mkononi ulimkosesha kazi asubuhi nzima. Dorothée alikuwa amemweleza vizuri kabisa kwamba virusi havipiti kwenye kikombe wala kwenye sahani, na Rosette si mjinga. Akakitenga kikombe chake hata hivyo. Dany alipokichukua akanywa, alimpokonya kwa nguvu hadi mtoto akalia, naye akalia pamoja naye, na Dany akaacha kulia kwa mshangao.

Alikuwa anaogopa, basi. Aliogopa kufa na kumwacha mtoto, na aliogopa zaidi kuishi Darius akiwa amejua.

“Uko nakonda,” Marthe akamwambia, akijitupa kwenye mkeka barazani. “Ao ni mimba? Ukinificha mimba nitakupiga.”

“Ni malaria.”

“Malaria gani inakimbiza muntu kila dakika kwa choo? Lete simu yako, uniandikie Albert message.”

Marthe hakukaa shule. Jina lake mwenyewe hulitia kwa dole gumba. Kila neno alilomtumia mumewe Kazimia lilipita kwenye vidole vya Rosette, hata yale ya aibu, na hayo ndiyo yaliyokuwa mengi.

“Mwambie alete samaki, mukebuka moja mukubwa. Mwambie aoge mbele afike, ju mara ile ya mwisho alinuka mpaka kuku wakamufuata. Mwambie mashuka ni mupya.” Marthe akanyanyua kidevu kuelekea ziwani. “Angalia, mwezi umeshatoka. Siku mbili, tatu, wako hapa. We haufurahi?”

“Nafurahi.”

“Sura yako haifurahi.”

Rosette aliandika yale ya mashuka, akatuma. Wakati huo kichwa chake kilikuwa kinatafuta uongo wa kumweka Darius mbali hadi siku saba zitimie. Angesema yuko mwezini, lakini mvuvi yule alijua kuhesabu miezi yote miwili. Angesema jino. Jino linamzuiaje mume? Mwishowe akaamua kusema ni mgongo, kwamba ameumia kisimani.

Siku ya tano chombo kikafika.

Alijua kwa kelele za Marthe. Albert alikuwa ameingia na samaki wake begani, Marthe akapiga vigelegele hadi majirani wakacheka. Rosette akasimama mlangoni, mkono mgongoni tayari. Darius hakuonekana.

“Papa Dany iko wapi?” akamuuliza Albert.

“Tulishuka pamoja asubuhi. Alisema anapitia fasi fulani kwanza.”

“Fasi gani?”

Albert akainua mabega, akaendelea na samaki wake.

Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Chakula kilipoa, akakipasha, kikapoa tena. Tangu waoane, miaka sita, Darius hajawahi kushuka chomboni akapitia mahali. Rosette alimfikiria Patrice. Alifikiria mdomo wa Patrice, jinsi unavyopenda kucheka mbele za watu.

Darius aliingia saa kumi. Rosette alisahau hata kushika mgongo, akainama kumpokea mfuko.

“Karibu, Papa Dany.”

Darius akarudi nyuma.

“Usiniguse,” akasema.

Mtoto alikimbilia miguu ya baba yake, na baba akampapasa kichwa kwa vidole viwili tu, kama anayejaribu moto wa pasi.

“Dany, enda kwa Mama Marthe. Enda, utarudi.”

Mtoto akaondoka. Darius akaurudishia mlango, akabaki amesimama na kofia yake mkononi.

“Ikala, mama.”

Rosette akaketi.

“Niko na neno. Nikimaliza kusema, kama unataka kurudi kwenu, sitakuzuiya.”

Neno nisamehe lilikuwa limeshafika ulimini mwa Rosette, limebakiza kutoka. Ndipo alipoona kwamba Darius analia. Hajawahi kumwona analia, hata siku walipomzika baba yake.

“Kule Kazimia kuko mwanamuke,” Darius akasema. “Anaitwa Nadège. Anauzaka chakula ku port. Nilianguka naye, Rosette. Si mara moja. Na amenipatia ugonjwa.”

Darius akaikunja kofia mikononi.

“Siku mbili zimepita aliniita pembeni, akasema, Darius, niko mubaya, na we utakuwa mubaya, enda ku santé. Toka ile siku naunguzwa hata na maji ya ziwa. Sijuwe kama nilikuwa nayo wakati ule nilikuwa hapa na we. Pengine nilikuachiya kifo ndani ya tumbo, nikaenda zangu kuvua.” Akapiga magoti sakafuni, mtu mzima yule. “Unikatale kama unataka. Ni haki yako.”

Sasa nitawaambia alichokisikia Rosette, kwa sababu aliniambia bila kuficha. Alisikia raha. Ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto siku ya baridi. Mume amekosa, mume amekiri, mume anaomba. Ugonjwa umepata mwenyewe. Hata kama miezi mitatu itakuja na habari mbaya, mwenye kosa ameshajitaja, na si yeye.

“Nimekusamehe, Papa Dany,” akasema.

Alisema haraka mno. Mwingine angeshangaa, lakini Darius aliangukia miguu yake akaishika, akalia kwa sauti, akimwita mama, akimwita mwanamke wa Mungu. Na yeye akampapasa kichwa. Ndiyo, alimpapasa.

“Nimetoka kule ku santé sasa hivi,” Darius akasema alipopata pumzi. “Njo maana nimechelewa, kulikuwa bantu mingi. Wamenichoma sindano. Kesho na we utaenda. Lakini Rosette, kuko neno ingine, na hii ni mubaya kupita ya mi.”

Akatia mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa kadi ndogo ya manjano.

Rosette aliitambua kabla haijafika kwenye mwanga. Pembeni ilikuwa na doa la mafuta ya cherehani yake mwenyewe.

“Nadège alinipatia hii. Yeye alipewa na motard moja, mwenye alilala naye pia. Na motard alipewa na bibi ya muntu, huku Baraka. Alisema kila muntu anapatia mwenye alilala naye, hivi hivi.” Darius alifuta pua kwa mgongo wa mkono. “Mi nasomaka pole. Nadège alinisomea. Geuza nyuma, unisomee tena, nisikie vizuri.”

“Haina maana, Papa Dany. Karatasi tu.”

“Soma.”

Akageuza. Herufi zake zilikuwa pale, kubwa, nyeusi. Akasoma maneno yake mwenyewe kwa sauti ambayo haikuwa yake.

“Mbele mwezi ujae. Usichelewe.”

“Umesikia?” Darius akainua kidole. “Nani anahesabuka vile? Mwalimu? Muntu wa bureau? Wale wanasema siku ya tatu, siku ya ine. Huyu ni bibi ya muvuvi. Bwana yake iko ku taa, na yeye anataka kusafisha mbele bwana arudi. Njia yote ndani ya chombo nilikuwa nawaza, ni nani kati yetu? Nilimuhurumia ule bwana, na sikuwa namujua.”

Rosette akaigeuza kadi, maandishi yake yakabaki chini.

“Sasa namujua,” Darius akasema.

Nje Dany alikuwa anacheka uwanjani kwa Marthe. Rosette alisikia kicheko kile na akasubiri kupigwa.

“Karani alifungua kitabu kutafuta namba. Akasoma kwa nguvu, bila kufikiri. Muganga alimukaripia, lakini mi nilikuwa nimeshasikia.” Darius akashusha sauti. “Marthe. Bwana, Albert.”

Hakupigwa. Ingekuwa heri angepigwa.

“Kuko ba Marthe mingi,” akasema.

“Wenye bwana anaitwa Albert, tena muvuvi?”

“Papa Dany, ngoja. Niache nimuulize mi mwenyewe. Mambo ya banamuke. Kesho nitamuulize polepole.”

“Kesho?” Darius akamtazama kwa macho mekundu. “Na leo Albert alale wapi? Mi nilikufanyia vile, nikakulaza na kifo na sikukuambia. Siwezi kumufanyia rafiki yangu vile vile. Nimeshamuita. Anakuja.”

“Umemuita saa ngapi?”

Nje mtu alikohoa.

“Hodi kwa Papa Dany!”

Albert aliingia anatabasamu, amevaa shati safi, nywele bado mbichi kwa maji. Alikuwa ameoga kama alivyoagizwa. Na nyuma yake, bila kuitwa na mtu, akaja Marthe mwenyewe, Dany kiunoni, sahani ya samaki mkononi.

“Nimewaletea kipande cha mukebuka,” Marthe akasema. “Munakaa ndani ya giza kama bantu bamekufa? Fungueni mulango.”

Akausukuma kwa mguu. Alasiri ikaingia, na kwa mbali, juu ya Ubwari, mwezi ukiwa mweupe na karibu mviringo.

“Marthe, nilimuita Albert peke,” Darius akasema.

“Kuko siri gani ya kunificha mi?” Marthe akacheka. Halafu akaona nyuso zao, akaiweka sahani chini.

Darius hakuwa mtu wa maneno mazuri. Alimpa Albert ile kadi, akaeleza kila kitu palepale, Nadège, motard, karani, kitabu. Albert alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Tabasamu lilikuwa bado limebaki upande mmoja wa mdomo kwa sababu hakujua alipeleke wapi.

“Siku ya tarehe hii,” akamuuliza mkewe, “ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa hapa! Nilikuwa na Dany, Rosette alienda kutafuta uzi.” Marthe alimtazama mmoja baada ya mwingine. “Muko namaanisha nini? Mi? Na motard?”

“Jina yako iko ndani ya kitabu. Na yangu.”

“Basi kitabu iko nadanganya!” Sauti ikampanda, Dany akaanza kulia begani mwake. “Albert. Angalia hiyo kadi. Imeandikwa. Mi najua kuandika? Miaka tisa tunalala pamoja, umeshaniona nimeshika kalamu hata siku moja?”

Albert aliitazama kadi tena, na kitu kama uhai kikamrudia usoni. Darius akakunja kipaji, maana hilo hakuwa amelifikiria ndani ya chombo.

Rosette aliona mlango ukifunguka, na hakujua unafungukia wapi.

“Kweli,” Albert akasema taratibu. “We haujue kuandika.”

“Si njo nasema!”

“We unaandikishaka.” Uhai ule ukamtoka tena, ukaenda wote. “Message zako zote nazijua. Ile ya mashuka nilikuwa nayo juzi. Ni muntu moja tu anakuandikiaka.”

Wote watatu wakamgeukia Rosette.

Aliniambia kwamba hapo aliona njia mbili wazi kabisa kama barabara ya Fizi na ya Kazimia. Sentensi moja ilitosha. Nilimwandikia Marthe, aliniomba, sikujua ni ya nini. Basi. Darius angeendelea kulia miguuni pake, Dany angelala usiku huu kati ya baba na mama, na ile miezi mitatu ingekuja kumkuta bado ana nyumba. Hakuna ambaye angemwamini Marthe. Kitabu kilikuwa na jina lake, na Rosette ndiye aliyelitia.

“Rosette,” Albert akasema, akimnyoshea kadi. “Huu ni mukono yako?”

Marthe alivuka chumba kwa hatua mbili, akamkamata Rosette mkono. Kiganja chake kilikuwa na mafuta ya samaki, cha moto.

“Wambie, dada yangu,” akasema. “We unajua siku ile nilikuwa wapi. Sema kweli tu, batanyamaza.”

Rosette alimtazama Darius, aliyekuwa bado na vumbi la sakafu magotini. Akatazama kadi. Akafungua mdomo.

“Ni mi niliandika,” akasema.

Albert alifumba macho. Ni Darius aliyeuliza, tena kwa upole, kwa sababu hakuwa na sababu yoyote ya kumshuku mkewe.

“Uliandika ju ya nani, Rosette?”

Marthe alikuwa bado ameushika mkono wake, akimtikisia kichwa kumtia moyo aendelee.